Je, Wajua? Benga ya Ukambani na Wimbo Uliokatwa Katikati

Je, wajua kwamba muziki wa benga unaosikika sokoni Kitui na Wote, Ukambani, ulikuzwa zaidi na watayarishaji wadogo wa River Road, Nairobi? Miaka ya 1970 na 1980 nyimbo zilitoka kwenye santuri ndogo, mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulijaa upesi, basi wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: kisa kilisimuliwa upande wa kwanza, na ukiigeuza santuri ndipo magita yanachemka. Wachezaji walisubiri upande huo.

Jina kubwa la enzi hiyo ni Kakai Kilonzo (1954–1987), kiongozi wa Les Kilimambogo Brothers. Bendi ilibeba jina la mlima Kilimambogo, ingawa hiyo “Les” ya Kifaransa ina harufu ya rumba ya Kongo! Kakai aliimba Kikamba na Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichomvusha mipaka ya Ukambani.

Na mbali na muziki, je, sanaa ya michoro ya mtaani? Itafute kwenye matatu, yale magari ya abiria. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mstari wa manjano na kufuta nakshi. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliunga mkono kurudishwa kwa michoro hiyo, akiiona kuwa ajira ya vijana. Rangi zikarudi barabarani.