Jeni ya Kimo au Jeni za Kimo?

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwalimu anayefundisha elimu ya urithi kwa Kiswahili ni kwamba neno jeni halibadiliki umbo, liwe katika umoja au katika wingi. Limo katika ngeli ile ya nyumba na ngoma, na idadi yake hujulikana kwa upatanisho tu. Jeni ya kimo, jeni za kimo: sauti moja ndiyo inayozitenga kauli hizo mbili, na katika sauti hiyo fedha za mfugaji zaweza kuokoka au kupotea.

Tuanze na umoja. Wako ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue, ambao mapaja yao yamefura minofu kupita kadiri. Wafugaji wa Ulaya walilijua umbo la namna hiyo tangu mapema karne ya 19, ila sababu yake haikujulikana. Mnamo 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na mwenzao, walieleza kwamba panya waliovurugwa jeni moja, iundayo protini iitwayo myostatini, waliota misuli ya ajabu. Kazi ya protini hiyo ni kuizuia misuli isikue bila mpaka. Mwaka uo huo wataalamu kadha, likiwamo kundi la Michel Georges wa Liège, walionyesha kwamba jeni iyo hiyo ina kasoro katika ng'ombe wa Belgian Blue: herufi 11 za maandishi yake zimedondoka.

Nasema herufi kwa makusudi. Maandishi ya urithi yana herufi nne, nayo husomwa tatu tatu, pasi na nafasi wala nukta. Chukua sentensi Mtu ana uta. Idondoshe t ya kwanza, kisha usome tatu tatu kama awali: mua nau ta. Kumi na moja haigawanyiki kwa tatu. Kwa hiyo yote yafuatayo pengo hilo hugeuka upuuzi, na protini inayotokea haifanyi kazi. Kizuizi kimeondoka, misuli yafura. Gharama nayo ipo, kwani ndama huwa mkubwa mno kwa njia ya uzazi, hata sehemu kubwa ya majike hao huzalishwa kwa kupasuliwa. Mfugaji wa Samburu atampata wapi daktari wa kumpasua ng'ombe usiku wa manane?

Kisa hicho ni cha nadra, na ubaya wa visa vya nadra ni kwamba ndivyo vinavyokaririwa darasani. Kimo ni jambo jingine. Mnamo 2018 ulichapishwa utafiti uliojumuisha ng'ombe 58,265 wa makundi 17. Watafiti waliwalinganisha warefu na wafupi, wakitafuta herufi zinazojirudia upande mmoja kuliko mwingine. Walipata mahali 163 panapohusiana na kimo, na bado vibadala vikuu vya mahali hapo pote, kwa jumla, havikueleza zaidi ya asilimia 13.8 ya tofauti zilizoonekana. Zilizosalia zimetawanyika katika mahali pengine pengi padogo padogo, na katika malisho, maradhi na ukame.

Anayemwahidi mfugaji jeni ya ukubwa, basi, amekosea sarufi kabla ya kukosea sayansi. Na kwetu ukubwa una mvuto wake. Hata neno gredi, tunapolitaja ng'ombe, tayari limebeba sifa. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kenya wamewapandisha kondoo wao wekundu wa Kimaasai kwa madume ya Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini, kwa kuvutiwa na uzito wake. Majaribio ya wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, yaliyofanywa katika pwani yetu miaka ya 1990, yalionyesha kwamba kondoo wekundu, licha ya udogo wao, waliwahimili minyoo wa tumbo vyema zaidi, wanakondoo wao walikufa wachache, na kundi lao lilikuwa na tija kuliko la Dorper katika unyevu ule. Hivi leo kumpata kondoo mwekundu asiyechanganywa damu ni kazi ngumu, na jeni zake za kuwahimili minyoo, naomba msomaji aizingatie hiyo za, hazijatambuliwa zote.