AC ya Ndinga Imezima? Sikiza "Tak!" Kabla Utoe Doo

Buda, kama AC ya ndinga yako ya kitambo inapuliza hewa moto, usikubali haraka kuuziwa kompresa. Washa injini, feni na AC, kisha usikize: klachi ya kompresa inafaa kulia "tak!" Ikinyamaza, cheki fyuzi. Iko poa? Zima gari, uweke rilei ya honi mahali pa ile ya AC, bora zifanane namba. Bado? Chomoa waya ya klachi, washa tena, upime na testa, mikono mbali na mkanda. Ukipata volti 12, shida ni koili ya klachi ama erthi. Ukikosa, stima inakatikia njiani. Gesi ikipungua, swichi ya presha pia huikata. Fundi akitaka kujaza gesi, mwambie atafute penye inavuja kwanza, la sivyo utalipa tena.