Kitufe cha N: Ujumbe wa Kiswahili katika Mfumo wa FreeDOS

Makala haya yanachunguza jambo dogo linalojitokeza pindi mzungumzaji wa Kiswahili anapojaribu mfumo endeshi wa FreeDOS na michezo yake, nalo ni maana ya herufi N.

FreeDOS ni kazi ya wapenzi wa kompyuta. Ilitangazwa Juni 1994 na Jim Hall, wakati huo mwanafunzi nchini Marekani, baada ya kudhihirika kwamba MS-DOS ya Microsoft ilikuwa ukingoni. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Lile la Desemba 2016 lilikuja na michezo pia. Sura yake ni ya miaka ya themanini: kioo cheusi na amri za kuandikwa kwa mkono. Lakini huendesha hata kompyuta kuukuu iliyokwisha kutupwa stoo, na kwa sababu hiyo haifai kupuuzwa mahali kama Kasansa, katika eneo la Mpimbwe mkoani Katavi. Mtoto wa huko aliyelelewa kwa Kipimbwe (M.11 katika mpango wa Guthrie) au kwa Kisukuma hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, Kiingereza huwa lugha ya kufundishia afikapo sekondari.

Tuseme ujumbe umetafsiriwa nusu:

(1) Futa mafaili yote? (Y/N)

Mtoto huyo ataisoma N kuwa Ndiyo, ilhali mashine huielewa kuwa kukataa. Hapa hasara ni ndogo, kwani mafaili hubaki. Tafsiri kamili ndiyo yenye hatari:

(2) Futa mafaili yote? (N/H)

Mwalimu wake aliyezoea Kiingereza atabonyeza N akikusudia kukataa, na kazi ya muhula mzima itapotea. Kubadili Hapana kuwa La hakusaidii, maana N inabaki palepale. Kubali na Kataa ni jozi nzuri kimaana, ila zote zaanza na K! Njia iliyo salama zaidi ni kukitaja kitendo chenyewe:

(3) Mafaili yote: Futa au Acha? (F/A)

Katika michezo vilevile, Endelea au Toka (E/T) hufaa kuliko swali la ndiyo na hapana.

Michezo huleta tatizo jingine, la upatanisho. Programu ya Kiingereza huweza kuandika tarakimu, kisha nomino, kisha ikapachika s ya wingi. Katika bao la kompyuta, Kiswahili kingedai “kete 1 imeliwa” lakini “kete 3 zimeliwa”: nomino haibadiliki, kitenzi ndicho kinachobadilika. Ujumbe uliounganishwa vipande vipande hauwezi kulitosheleza dai hilo. Lazima ziandikwe sentensi mbili kamili.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulihitaji istilahi nyingi, na mijadala ya istilahi kwa kawaida huelemea nomino. Mfano wa kete ni wa viambishi, ambavyo orodha ya istilahi haivigusi.

Programu nyingi za FreeDOS huweka ujumbe katika faili la maandishi la pembeni, lililotambulishwa kwa msimbo wa lugha. Msimbo wa Kiswahili ni SW. Mwalimu ajuaye kupiga chapa anaweza kuliandika bila kujua uprogramu, ilimradi programu husika iruhusu herufi za majibu nazo zibadilishwe. Isiporuhusu, ni heri (Y/N) iachwe na maelezo yake yaandikwe kando: Y = Ndiyo, N = Hapana.