Pikapu ya Mawese: Tupime Kwanza

Akina mama wenzetu, pale Kidahwe, njia ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, tulikaribia kununua pikapu kuukuu ya kubebea mawese. Ilikuwa na kibanda cha chuma nyuma, kazi ya fundi. "Tani moja," alisema muuzaji.

Tukasoma kadi: uzito wa jumla ukitoa wa gari tupu, zilibaki kilo 900. Watu watatu, 200. Kibanda, 150. Dumu la lita 20 ni kilo 19 hivi, basi ni madumu 28, nasi tulipanga 40! Springi ziliongezwa jani, lakini breki ni zilezile.

Tumemwambia aondoe kibanda na apunguze bei. Turubai tunalo.