Sigiri Haimfundishi Mtoto

Swali hili halibadiliki. Mtoto ana miezi kumi, ameanza kujishikiza kwenye kuta, akikatazwa anacheka na kurudia; je, si afadhali aachwe aiguse sigiri mara moja tu, aonje, akome? Muulizaji mara nyingi ameshajibiwa na jirani, na jirani ameshatia nguvu kwa methali ya mtoto akililia wembe mpe. Jibu ni hapana. Wapo wanaopunguza makali: mama amshike mkono ausogeze karibu na mkaa, ahisi joto bila kuungua. Hapana pia. Na methali isisingiziwe: waliotuachia walikuwa wakimsema mtu mwenye akili zake aliyeonywa akakaidi, hawakuwa wakigawa nyembe kwa wanaotambaa.

Imani hii inasimama juu ya mambo matatu: kwamba mtoto atajua kilichomuumiza, kwamba somo hilo atalitumia kesho na mahali pengine, na kwamba akilikumbuka ataweza kuuzuia mkono wake. La kwanza tuseme lina ukweli. La pili limepimwa, likaanguka. Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York ametumia miaka mingi kufuatilia jinsi watoto wanavyojifunza kutembea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watoto wa miezi 12 hadi 19 walianguka kwa wastani mara 17 kwa saa. Kama maumivu yangekuwa mwalimu hodari kiasi kinachosifiwa, hakuna mtoto ambaye angefika siku ya tatu akiwa bado anajaribu kusimama. Kabla ya hapo, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1997, aliwaweka watoto wanaotambaa juu ya miteremko ya kutengenezwa. Baada ya wiki nyingi za kutambaa walijua kuukwepa mteremko mkali. Walipoanza kutembea, watoto walewale walijitosa kwenye mteremko uleule kana kwamba hawajapata kuuona. Walichojifunza wakitambaa hakikuwafuata waliposimama wima. Mtoto wa namna hiyo ndiye tunayemtaka aunganishe sigiri ya jana jioni na birika la chai la leo! Tena sigiri yenyewe ni kigeugeu: asubuhi ni baridi na hakuna anayemkataza kuichezea, jioni mkaa umevaa jivu na hauonyeshi wekundu wowote.

Jambo la tatu ndilo wazazi hawapendi kulisikia, maana linawanyang'anya neno ukaidi. Jaribio la kuficha la mwanasaikolojia Jean Piaget linaweza kufanywa nyumbani. Ficha kichezeo chini ya kitambaa cha kulia, mtoto wa miezi tisa akitafute na akipate mara kadhaa. Kisha, akiwa anakutazama, kifiche chini ya kitambaa cha kushoto na usubiri sekunde chache. Mara nyingi mkono utakwenda kulia. Adele Diamond, aliyelichunguza jambo hili miaka ya 1980, aliona kwamba wakati mwingine macho ya mtoto huelekea mahali sahihi huku mkono ukienda pasipo sahihi. Anajua, hawezi. Sehemu ya mbele ya ubongo inayouzuia mkono uliokwisha kuanza safari bado ni changa, na itaendelea kukomaa kwa miaka mingi. Kofi haliiharakishi.

Na gharama ya kumwacha aonje je? Maji ya nyuzi 60 huiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde zipatazo tano. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, na mkaa uliowaka uko mbali sana juu ya hapo. Hakuna kuonja kidogo. Kiganja kilichoungua sana hupona kwa kovu linalovuta vidole, na mkono hukua umekunjika. Kitengo cha majeraha ya moto cha Hospitali ya Kiruddu, hapa Kampala, hakihitaji wanafunzi wa somo hili. Isitoshe, watoto wadogo wengi wanaoungua huunguzwa na chai, uji, maji na mafuta yaliyowamwagikia, na kugusa mkaa hakufundishi lolote kuhusu sufuria inayovutwa kwa mpini.

Utaambiwa: sisi tulilelewa hivyo. Hakuna anayekumbuka alichojifunza akiwa na miezi kumi; mnasimulia mlichosimuliwa, na wanaosimulia ni waliotoka salama. Pingamizi lenye uzito ni jingine. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, watafiti wameona watoto wa Waefe wakishika panga kabla ya kutimiza mwaka, na mwanasaikolojia Barbara Rogoff alichapisha picha ya mmoja wa miezi 11 akikata tunda. Ni kweli. Lakini pale kuna ndugu anayetazama, na miongoni mwa Waefe mtoto hupita mikononi mwa watu wengi siku nzima. Wao hawamwachi aumie ili ajifunze, wanamsimamia akijifunza. Mama aliye peke yake katika muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, mtaani Bwaise, ugali uko motoni na mteja yuko mlangoni, hana mikono hiyo.

Kinachofundisha ni uso wako. Mwaka 1985 mtafiti James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja kwenye meza ya kioo yenye kile kinachoonekana kama shimo dogo. Mama alipotabasamu, 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha hofu, hakuvuka hata mmoja kati ya 17. Kwa hiyo mtoto anayekutazama huku mkono ukikaribia kitu hakudharau, anakuuliza, nawe ukicheka umemjibu. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi Makerere na kuzifuatilia familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliwaona watoto wakimfanya mama kituo cha kuondokea na kurudia wanapochunguza dunia. Baadaye, Marekani, yeye na wenzake walipima utii wa watoto wa miezi tisa hadi kumi na miwili. Wingi wa amri na wa kuvutwa-vutwa haukuongeza utii. Waliotii zaidi walikuwa wa mama anayewasoma na kuwaitikia.

Basi fanya hivi. Chagua makatazo mawili au matatu, neno moja, uso mkavu, kisha mwondoe na umpe kitu kingine, kila mara, na watu wote wa nyumbani wafanye hivyohivyo. Sigiri iwe juu ya kitu imara au nyuma ya kizuizi. Mipini ya sufuria igeuzwe ndani. Chupa ya chai isikae juu ya kitambaa kinachoning'inia. Mgongoni abebwe unapofagia, si unapokaanga. Mafuta ya taa na dawa ya kutengenezea sabuni visikae kamwe kwenye chupa za soda. Akivinywa usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Akiungua, mvue nguo zilizolowa, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kitambaa safi, kisha hospitali. Dawa ya meno, unga na ute wa yai vibaki jikoni. Na hata akifika miaka miwili na kusema kwa ufasaha kwamba sigiri ni moto, usimwache nayo peke yake.