Ni Nini Kinachoshikilia Shimo la Ziwa Tanganyika?

Wewe unayekaa Karema au Ikola unalijua Ziwa Tanganyika. Kina chake hufika karibu mita 1,470. Chini ya maji kuna tope na mchanga, kilomita kadhaa kwenda chini. Je, umewahi kujiuliza kwa nini shimo kubwa namna ile halijiinui?

Wataalamu hawawezi kuchimba mpaka huko. Hutumia mvuto wa dunia, yaani ile nguvu inayoangusha embe. Penye miamba mizito mvuto huzidi. Penye maji na tope hupungua. Mwaka 1933 na 1934 Mwingereza Edward Bullard alipima mvuto Afrika Mashariki. Alitumia kitu kizito kinachobembea, kama kile cha saa ya ukutani. Mvuto ukizidi, hubembea upesi zaidi. Kwenye bonde la ufa alikuta mvuto umepungua. Tofauti ni ndogo: gunia la kilo 100 hupungua kama gramu 10 hivi. Na mizani ya mawe haiwezi kuonyesha, maana mawe nayo hupungua!

Sasa fikiri mtumbwi. Ukipakia magunia ya mpunga, unazama kidogo. Ukipakua, unainuka. Nchi kavu nayo imelalia miamba ya moto sana, ambayo ni migumu lakini husogea polepole kwa maelfu ya miaka. Basi sakafu ya bonde, kwa kuwa ni nyepesi, ingeinuka. Mbona haiinuki? Bullard alisema nchi inabanwa pande zote mbili, na kingo zinaikandamiza sakafu isipande.

Nusu ya jibu lake ipo mpaka leo: miamba ya kingo ni imara, inabeba tofauti ile. Nusu nyingine imekataliwa. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba nchi haibanwi, inavutwa mashariki na magharibi, milimita chache kwa mwaka.

Utasema milimita ni kitu gani? Lakini mwamba unaovutwa ni kama kamba. Huvumilia miaka mingi, halafu hukatika ghafla. Tarehe 13 Desemba 1910 ulikatika huku Rukwa, tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa Afrika. Je, vipimo vya mvuto hutaja siku ya tetemeko lijalo? Hapana. Huonyesha mzigo uko wapi, basi. Tarehe 5 Desemba 2005 ilikuwa zamu ya chini ya ziwa lenyewe, kipimo cha 6.8. Ng'ambo ya pili, Kalemie, nyumba zilianguka.