Kila Mbegu na Masharti Yake

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilipewa jina la mti. Mkumi, ambao sehemu nyingine huitwa mvumo, ni wa jamii moja na mnazi na mtende: shina refu lililotuna katikati, majani mapana yenye umbo la upepeo, na matunda makubwa ya rangi ya chungwa. Tembo huyapenda matunda hayo. Huyala, hutembea na mbegu tumboni, kisha huziacha pamoja na kinyesi mbali na mti mama.

Hapo mbegu hufanya jambo ambalo wapandaji wengi hawalitarajii. Haitoi jani kwanza. Hutoa mrija mnene unaozama ardhini ukiwa umekibeba kichipukizi, hadi kina cha nusu mita na pengine zaidi. Mizizi huanzia huko chini, na jani la kwanza huanzia huko huko safari yake ya kupanda juu, hata ikapita miezi kadhaa kabla halijaonekana. Moto wa kiangazi ukipita juu ya nyasi, sehemu yenye uhai iko salama chini ya udongo.

Asiyeujua mwenendo huu ataipanda mbegu ya mkumi kwenye kiriba cha nailoni, na mrija utafika kwenye kitako cha kiriba kabla jani halijachomoza. Au atachoka kungoja, atafukua ili aone kama imeota, na jembe litaukata mche ambao ulikuwa mzima kabisa. Mkumi hupandwa kwa mbegu mbichi, pale pale utakapoishi, kisha huachwa.

Kampeni zetu za kupanda miti huhesabu miche. Hesabu hiyo inachelewa kuanza. Kabla ya kuuliza tutapanda miche mingapi, yafaa tuulize mbegu ni za mti gani, zilichumwa lini, na zimetunzwa vipi tangu siku hiyo. Katika wilaya ya Kilosa na nyika ya Mikumi, mkoani Morogoro, miti ya asili ni mingi, na kila mmoja una masharti yake.

Zinazokubali kukauka na zisizokubali

Mbegu kavu huonekana kama kitu kilichokufa, kumbe inaishi. Inapumua polepole na kutumia akiba ya chakula iliyomo ndani yake. Ikiwa na unyevu mwingi na joto kali, hupumua haraka, huchoka mapema, na kuvu na fukusi huimalizia. Ikiwa kavu na mahali pa baridi, maisha yake hurefuka.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio iliyotolewa na Mmarekani James Harrington: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, umri wake ghalani huongezeka maradufu, na kila unapopunguza joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka tena maradufu. Kwa kanuni hiyo, mbegu ambayo ingeishi mwaka mmoja ikiwa na unyevu wa asilimia 12 inaweza kufikisha miaka 16 ikikaushwa hadi asilimia 8, hata bila kubadilisha joto la chumba. Kanuni ina mipaka, lakini inaonyesha jinsi kazi ndogo ya kukausha inavyolipa.

Hata hivyo, si kila mbegu huvumilia kukaushwa. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uingereza, E. H. Roberts, alizigawa mbegu katika makundi mawili: zinazostahimili ukavu na baridi ya ghala, na zinazokufa zikikaushwa. Kokwa ya embe na mbegu ya fenesi ziko katika kundi la pili. Ukizianika juani wiki nzima, umeziua. Zipo pia za katikati. Mbegu ya mwarobaini, mti wa kigeni uliozoeleka sana mkoani Morogoro, kwa kawaida hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache tu. Kosa la kwanza katika kutunza mbegu ni kuzitendea zote kwa namna moja.

Ganda, bawa na kofia

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, barabara inashuka hadi bonde la Ruaha Mkuu, na pale Ruaha Mbuyuni mibuyu inatawala pande zote. Mbegu ya mbuyu hudumu miaka kwa sababu ganda lake haliruhusu maji kupita. Porini, meno na tumbo la tembo au nyani husaidia kulilainisha. Kitaluni, mtunza miche huzimwagia mbegu maji yaliyochemka na kuziacha humo mpaka yapoe, au hulikwangua ganda kwa tupa au msasa mpaka weupe wa ndani uanze kuonekana. Bila hivyo, mbegu iliyopandwa leo inaweza kukaa udongoni msimu mzima bila dalili yoyote.

Mkongo una mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja na kofia nyekundu. Kofia hiyo ni chakula kinachowavuta ndege na panya, nao husambaza mbegu. Anayehifadhi huiondoa mapema, kwa kuwa huvuta wadudu na kuvu. Ikiisha kutolewa na mbegu ikakauka, mkongo hutunzika bila shida.

Mninga huficha mbegu zake katikati ya tunda gumu lenye miiba, lililozungukwa na bawa la duara. Kuitoa mbegu bila kuijeruhi ni kazi ya mikono yenye subira. Hata ikiota, mche una tabia inayowavunja moyo wengi: kiangazi kikifika, sehemu ya juu hukauka. Mvua zikirudi huchipua, na kiangazi kingine hukauka tena, miaka kadhaa mfululizo. Wakati wote huo mzizi unanenepa chini, mpaka mti upate nguvu ya kurefuka na kuushinda moto. Wapo wanaoing'oa miche hiyo wakidhani imekufa.

Mpingo, mti wa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde, hauna ugumu huo. Maganda yake membamba hupeperushwa na upepo, na mbegu huota ndani ya wiki chache, hasa zikilowekwa usiku mmoja katika maji ya kawaida. Mtihani wa mpingo uko mbele zaidi: huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa.

Inayofanana na mpungate

Msafiri wa nyika hukutana pia na mimea ya mashina ya kijani yasiyo na majani, akadhani yote ni jamii ya mpungate. Mpungate asili yake ni Amerika. Katika jamii hiyo nzima ya kaktasi, ni aina moja tu iliyokutwa ikiishi yenyewe barani Afrika, nayo ni mmea laini usiotisha kwa miiba, unaoning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, Tanzania ikiwemo. Mnyaa na ndugu zake wenye utomvu mweupe ni ukoo mwingine kabisa.

Mnyaa wa uani huoteshwa kwa vipande vya tawi, lakini ndugu zake wakubwa wa porini huzaana kwa mbegu pia. Kwa kawaida tunda lao lina vyumba vitatu, na likikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali. Mkusanyaji hufunga mfuko wa kitambaa juu ya matunda kabla hayajapasuka, na hulinda macho yake, maana utomvu ule unaweza kuyadhuru vibaya. Mbegu hupandwa juu ya mchanga unaopitisha maji vizuri, zikifunikwa kidogo tu.

Miombo haiweki akiba

Maganda ya miti ya miombo hupasuka mwishoni mwa kiangazi na kutupa mbegu muda mfupi kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu huota au huharibika. Ni chache mno zinazobaki udongoni kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo msitu wa miombo uliong'olewa visiki hauna benki ya mbegu ya kuufufua.

Mradi wa mkaa endelevu ulioanza Kilosa mwaka 2012, chini ya Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, ulizingatia maumbile haya: vijiji hukata vitalu vidogo kwa zamu, huacha visiki vichipue, na huacha msitu uliosimama pembeni uendelee kudondosha mbegu.

Ghala la kijiji

Benki kubwa za mbegu, kama ile ya Millennium huko Wakehurst, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2000, hukausha mbegu katika hewa yenye unyevu wa asilimia 15 na kuzigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kijiji hakihitaji mitambo hiyo kutunza mbegu za msimu mmoja au miwili.

Chuma kwenye miti mingi, 25 au zaidi ikiwezekana, iliyoachana angalau mita 50, ili miche isiwe ya mzazi mmoja. Pasua mbegu chache uone kama ndani ni nyeupe na nzima. Zile zinazokubali kukauka, zikaushe kivulini penye upepo. Kisha tia kiganja cha mbegu kwenye chupa ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, na usubiri dakika chache: chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado ni mwingi. Zikikauka, zifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukiweka humo mkaa mkavu au mchele uliokaangwa bila mafuta unyonye unyevu uliobaki. Maganda mengi hukomaa kiangazi, na mbegu inayoachwa kwenye gunia wazi hadi masika hunyonya unyevu wote uliohangaika kuuondoa.

Kabla ya kupanda, jaribu mbegu 100 kwenye mchanga wenye unyevu. Zikiota 60, utajua upande ngapi ili kupata miche unayohitaji.

Utaalamu hauko mbali. Wakala wa Mbegu za Miti, ambao kazi zake sasa ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), uliwekwa Morogoro, mji ule ule wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ndogo ndani ya kopo: jina la mti, mahali ulipo, tarehe ya kuchuma, na namna mbegu ilivyoandaliwa. Kijiji kikianza na karatasi hiyo mwaka huu, mwakani kitajua kwa nini mbegu zimeota au hazikuota, na maarifa hayo yatabaki kwa watakaopanda baada yetu.